Fundi Mmoja wa Huko

Jarida la Gurudumu lilifika Sumbawanga na basi la Mbeya, limechelewa majuma matatu kama kila kitu mwaka ule wa 1976. Wilibrodi Leonsi alilisoma akiwa amesimama, mikono ina grisi, mlangoni mwa karakana ya serikali alikokuwa fundi wa pikipiki kwa miaka tisa. Lilikuwa jarida la madereva na mafundi, lililochapwa Dar es Salaam kwenye karatasi yenye rangi ya unga wa ulezi. Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa na safu iliyoitwa "Tumeipanda Wenyewe," ambamo watu waliokabidhiwa mashine za serikali walieleza walichokiona. Mwezi ule kichwa kilisema: "Mbuzi Mwenye Shingo Mbovu." Na chini yake: Fanueli Sadoki, Bwana Shamba, Sumbawanga.

Mbuzi ndilo jina tulilokuwa tumeipa Dravik 175, pikipiki ya milimani iliyotoka kiwanda cha ng'ambo kwa ajili ya mabwana shamba na mabwana mifugo, baada ya watu kuhamishiwa vijiji vipya na vijiji vyenyewe kuwa mbali na ofisi. Ilikuwa nyembamba, ndefu, matairi yake yana meno, na ilipanda mawe bila kulalamika. Kasoro yake ilikuwa moja. Chini ya usukani, pale fremu inapoishikilia shingo, palikuwa na bamba la chuma lenye ukubwa wa kiganja, na bamba hilo lilipasuka. Halikupasuka uwanda wa juu, kwenye nyasi na upepo. Lilisubiri mtu ateremke kuelekea ziwani au bonde la Rukwa, uzito wote umelalia mbele, breki imeshikwa, na korongo lipo mkono wa kushoto.

Wilibrodi alisoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo. Kila sentensi ilikuwa imetoka kinywani mwake. Ufa unaoanza pembeni kama unywele, sauti ya chuma kinachokohoa badala ya kuimba, pete ya springi ya Landrova inayoweza kuiokoa shingo, yote yalikuwamo, tena yamepangwa vizuri kuliko alivyowahi kuyapanga yeye. Alijitafuta. Alijikuta katika mstari wa tatu kutoka chini: "Fundi mmoja wa huko anasema."

Mmoja wa huko.

Akalikunja jarida, akalirudisha mezani kwa mkubwa wa karakana, akaenda kufungua kabureta ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Baba yake, Leonsi, alikuwa mmoja wa wahunzi wa mwisho uwandani, katika ukoo uliofua majembe tangu enzi za matanuru marefu ya udongo ambayo sasa mbuzi wa kweli wanajikuna ubavuni mwake. Kwake Wilibrodi alijifunza kugonga chuma kwa msumari na kusikiliza. Ndivyo alivyoukuta ufa wa kwanza, kabla haujaonekana kwa jicho. Alilikata bamba lililopasuka, akachukua springi kuukuu, akaitia motoni mpaka ikawa nyekundu, akaifua iizunguke shingo kama pete, kisha akaichomelea. Pikipiki ile haikurudi tena. Akafanya hivyo mara saba. Kila bamba alilolikata aliliandika kwa ncha ya msumari namba ya pikipiki na jina la kijiji, akalitupia katika sanduku la sabuni chini ya benchi lake.

Hakumwandikia mtu. Katika nyumba ya baba yake, jembe lililovunjika halikusemwa. Mwenye jembe aliliweka kizingitini kwa mhunzi akaondoka. Mhunzi hakujitetea wala hakuuliza, na baada ya siku mbili jembe lilikuwa limefuliwa upya. Kulitangaza jembe bovu mbele ya watu ilikuwa kumvua nguo aliyelifua. Wilibrodi aliamini kwamba hata hao wa ng'ambo ni wahunzi; siku moja angetokea mtu wa kuwafikishia mabamba yake kizingitini, nao wangeyatazama, wangenyamaza, wangefua upya. Na pengine mmoja wao angeuliza: ni nani huko aliyejua kuweka pete pale?

Aliyetokea akawa Fanueli.

Fanueli Sadoki alitoka Mbeya, alikuwa mrefu, mcheshi, na alikuwa na sauti ya kwaya. Alipenda kukaa juu ya pipa tupu la oili karakanani huku pikipiki yake ikitengenezwa, na alikuwa na swali kwa kila kitu.

"Fundi, na hapa pamekatika kwa nini?"

"Bamba jembamba, bwana shamba. Waliomtengeneza huyu Mbuzi kwao ni tambarare."

"Tambarare! Ngoja, rudia hiyo."

Akatoa kalamu. Wilibrodi alifurahi. Miaka tisa watu walimwuliza itakuwa tayari lini. Huyu alimwuliza kwa nini. Akamwonyesha sanduku, akampa mabamba ayashike mkononi, akamgongea chuma kizima na chuma chenye ufa ili asikie tofauti. Alidhani wanakwenda kizingitini pamoja.

Baada ya jarida kufika, mji ulibadilika kwa Fanueli. Alipopita Katandala, walimu walimwita wamshike mkono. Barua zilimjia kutoka Songea na Musoma, kutoka kwa watu waliopanda Mbuzi hao hao. Padri alimtaja baada ya misa, ingawa Fanueli hakuwa Mkatoliki. Na Jumapili hiyo hiyo, huko Milanzi, wanaume walipozunguka chungu cha kimpumu, pombe ya ulezi, na kuingiza mirija yao, mtu mmoja alitazama juu akasema:

"Jamani, mpisheni Fundi Mmoja, naye avute."

"Nani?"

"Si huyu? Fundi mmoja wa huko!"

Wakacheka mpaka povu la pombe likayumba. Wilibrodi naye alicheka, kwa sababu asiyecheka chunguni huonekana ana jambo. Lakini jina lilimnata. Toka siku ile hata wachoma mahindi walimwita hivyo.

Alianza kumfuatilia Fanueli kama mtu anayefuatilia homa yake. Na kwa kuwa kampuni ndiyo iliyokuwa imetukanwa, aliifuatilia kampuni pia. Kila jarida lilipofika alikuwa wa kwanza kulishika. Mwezi wa kwanza kampuni ilinyamaza. Wilibrodi akasema moyoni, naam, ni wahunzi. Mwezi wa pili tangazo la Dravik, ambalo siku zote lilijaza jalada la nyuma, halikuwapo. Mahali pake palikuwa na picha ya sabuni. Mhariri aliandika maneno machache kuhusu marafiki wanaokasirika. Mwezi wa tatu ikatoka barua ya kampuni, ukurasa mzima. Ilisema Dravik imejaribiwa katika milima ya nchi kumi na nne. Ilisema chombo chochote kitavunjika mikononi mwa asiyejua kukitumia, na kwamba Bwana Fanueli Sadoki, pamoja na kipaji chake cha kuandika, si mhandisi.

Fanueli aliisoma kwa sauti juu ya pipa lake, akicheka.

"Umesikia, fundi? Mimi si mhandisi! Nitaitia kwenye fremu, niitundike ukutani."

Wilibrodi alikuwa amepiga magoti, anakaza mnyororo. Kilichomuuma ni kwamba Fanueli alikuwa ametukanwa kwa jina lake kamili, na baba yake ametajwa. Yeye hata matusi hayakumfikia. Huko ng'ambo, mezani kwa watu wanaovaa tai, palikuwa na karatasi yenye jina la Fanueli, na watu wazima walikuwa wamekosa usingizi kwa ajili yake.

Mwezi wa nne kampuni ilibadili sauti. Ilimtumia Fanueli kalenda yenye picha za theluji, kofia nyekundu, na barua fupi iliyosema inathamini maoni yake. Fanueli alivaa kofia ile kila mahali. Kisha ikaja habari yenye uzito: mkoa ulikuwa unangoja Mbuzi wengine arobaini, na kabla hawajapakiwa melini kampuni ingemtuma mjumbe aje aone shingo hizo kwa macho yake. Akiridhika kwamba kosa ni la kiwanda, arobaini wale wangekuja na bamba nene.

"Siku yetu hiyo, fundi," alisema Fanueli. "Mimi nitasema, wewe utamwaga sanduku lako mezani. Mabamba saba! Atakimbilia wapi?"

"Wewe utasema," alijibu Wilibrodi.

"Mimi mdomo, wewe mkono."

Alikuwa na nia njema. Alimpiga Wilibrodi begani, akavaa kofia yake, akaondoka. Wilibrodi alibaki ameitazama Mbuzi ya Fanueli, ambayo yeye mwenyewe aliitia pete miezi mitano iliyopita, bamba la saba. Alikumbuka alichokikuta siku ile chini ya kiti alipokifungua: magamba makavu na vichwa vya dagaa, vimesagika kama unga. Fanueli alikuwa akishuka Kirando, ziwani, kwa kazi ya pamba na mihogo, na akipanda kurudi na magunia ya dagaa yamefungwa mbele juu ya tangi, kwa ajili ya genge la mkewe. Kwa pikipiki ya serikali. Wilibrodi aliyafagia magamba yale asiseme neno. Wakati ule walikuwa marafiki.

Mjumbe wa kampuni alikuwa Mtanzania, jina lake Adolfu, mtu mtulivu mwenye suruali iliyopigwa pasi na daftari gumu. Alifika asubuhi ya baridi ya Julai, upepo unapeperusha vumbi uani. Fanueli alikuwa ameitwa kwenye mkutano kijijini, amekwenda kwa lori na kuiacha pikipiki yake mlangoni ili ikaguliwe, na angefika mchana. Mkubwa wa karakana, Polikarp, alimleta mgeni kwenye benchi la Wilibrodi, akawaacha.

"Shikamoo, fundi," alisema Adolfu, ingawa hawakupishana sana kwa umri.

Shikamoo ile ilimpata Wilibrodi kifuani. Alijibu, akamkaribisha kwenye kiti pekee, na yeye akavuta sanduku la sabuni kutoka chini ya benchi, akalikalia.

"Nimesoma yaliyoandikwa," alisema Adolfu. "Lakini mimi napenda kumsikia mwenye spana. Mwandishi huona kilichovunjika. Fundi anajua kilivunjikaje. Ni wewe unayezitengeneza zote?"

"Ni mimi."

"Na pete hii ni kazi yako?" Alikuwa amepiga magoti mbele ya Mbuzi ya Fanueli, anaipapasa shingo. "Kazi nzuri sana hii. Umejifunzia wapi?"

"Kwa baba yangu."

Adolfu aliandika. Wilibrodi alimwona akiliandika jina lake, polepole, akiuliza herufi. Hakuna aliyewahi kumwuliza herufi za jina lake isipokuwa karani wa mishahara.

"Basi niambie, fundi. Hii ya Bwana Fanueli ilivunjikaje?"

Saa ile ilikuwapo njia iliyonyooka kabisa. Angesimama tu, sanduku lingejisemea. Lakini kama angesimama, mambo yote yangekuwa ya Fanueli: mdomo ulisema kweli, mkono ukaunga mkono. Wilibrodi alihisi kona ya bamba moja ikimchoma kupitia ubao. Hakuinuka.

"Dagaa," alisema.

"Dagaa?"

"Magunia mawili mpaka matatu, mbele, juu ya tangi. Kutoka Kirando, mlima wote ule. Nilikuta magamba chini ya kiti."

Kalamu ya Adolfu ilisimama, kisha ikaenda kasi. "Na nyinginezo? Ameandika ziko kadhaa."

"Bwana shamba ni mwandishi mzuri," alisema Wilibrodi. "Nyingine mimi sina la kusema."

Hakusema uongo hata neno moja. Kwa muda mrefu baadaye alijishikiza hapo, kama mtu anayeshikilia nyasi ukingoni mwa korongo.

Fanueli alipofika mchana na kofia yake nyekundu, Adolfu alikuwa ameshafunga daftari. Walizungumza dakika chache tu, nje, na Wilibrodi akiwa ndani aliona kwa mbali kichwa cha Fanueli kikiinama. Fanueli hakuingia karakanani. Alipanda Mbuzi wake, akaondoka taratibu sana, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Jarida la Septemba lilikuwa na tangazo la Dravik jalada la nyuma, kwa rangi mbili. Ndani, badala ya safu ya "Tumeipanda Wenyewe," palikuwa na barua ya kampuni na mistari sita ya mhariri akiomba radhi. Barua ilisema: "Fundi Wilibrodi Leonsi wa Sumbawanga, mtaalamu mwenye uzoefu wa miaka tisa, amethibitisha kwamba chombo kilichozungumzwa kilivunjika kwa kubebeshwa magunia ya samaki kinyume cha taratibu. Tunamshukuru kwa uaminifu wake."

Polikarp aliukata ukurasa ule, akaubandika ukutani kwa gundi ya ugali. Huko Milanzi wanaume walimpisha chunguni kwa heshima ya kweli. "Mtaalamu! Sogea hapa, mtaalamu!" Hakuna aliyesema tena Fundi Mmoja.

Alilipeleka jarida nyumbani, akamsomea mkewe Josefina aliyekuwa akipepeta ulezi uani. Alipofika kwenye jina lake, alilisoma mara mbili. Josefina alisikiliza mpaka mwisho, ungo ukiwa umetulia magotini.

"Hongera, Baba Kristiana."

"Asante."

"Na yale mabamba mengine? Ya Mbuzi ambao hawakubeba samaki?"

"Hayakuulizwa."

"Ahaa," alisema Josefina, akaanza tena kupepeta. Makapi yalipeperushwa na upepo yakamwangukia Wilibrodi kwenye jarida, na hakujua kama alifanya makusudi.

Fanueli alinyang'anywa pikipiki, akahamishiwa Kirando, atembee kwa miguu. Aliondoka na mkewe Atusaye juu ya lori la mizigo, na Wilibrodi, aliyewaona wakipita, alingoja furaha ije. Ilikuja, ikakaa siku mbili. Baada ya hapo alikuta kwamba pipa la oili pale karakanani lilikuwa tupu, na kwamba hakuna tena mtu wa kumwuliza kwa nini.

Mbuzi arobaini wakaja Januari, wanang'aa. Wilibrodi alipiga magoti mbele ya wa kwanza, akatoa msumari. Bamba lilikuwa lile lile, jembamba vile vile. Kwa nini wangelibadili? Walikuwa na maandishi ya fundi.

Alimwendea Polikarp kuomba springi kuukuu za kufulia pete.

"Pete za nini?"

"Za shingo, mzee. Kabla hawajaanza kuteremka nao."

Polikarp alimtazama kana kwamba amezungumza lugha ya kigeni. "Ndugu Wilibrodi. Wewe mwenyewe umesema shingo ni nzima. Iko ukutani pale, mkoa mzima umesoma. Leo nikuruhusu utie moto fremu mpya, kampuni ikisema tumeharibu mali? Springi zina kazi zake. Na atakayevunja, ameshajulikana kosa ni lake: alibeba zaidi."

"Lakini mzee..."

"Lakini nini? Ulidanganya?"

Wilibrodi alisema hapana.

Machi, katikati ya mvua, Flavian, bwana mifugo kijana wa Kifipa, aliyekuwa akienda bonde la Rukwa kuchanja ng'ombe, aliona usukani wa Mbuzi wake ukimjia kifuani kama mlango uliong'oka. Alichokuwa amebeba ni sanduku la chanjo lenye uzito wa mtoto mchanga. Wachungaji walimtoa korongoni taya limevunjika. Alikaa hospitali majuma matano, na alipotoka alikuta barua ofisini ikimtaka aeleze alikuwa amepakia nini.

Alikuja karakanani asubuhi moja, kitambaa kimefungwa kutoka kidevuni mpaka utosini. Mafundi waliacha kazi wakamwamkia. Hakuweza kujibu, meno yake yalikuwa yamefungwa kwa waya. Alitembea moja kwa moja mpaka ukutani, kwenye ukurasa wa Septemba, akaweka kidole juu ya jina la Wilibrodi Leonsi. Kisha akageuka, akamtazama mwenye jina. Macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanauliza tu.

 Siku iliyofuata Wilibrodi aliomba ruhusa ya siku tatu, akachukua sanduku la sabuni, akapanda lori lililokuwa likishuka Kirando na magunia matupu. Josefina alimfungia viazi vya kuchemsha. Hakumwuliza anakwenda wapi.

Kirando ilikuwa joto na harufu. Dagaa walianikwa mchangani mpaka mtu hakujua aweke wapi mguu, na wanawake waliwageuza kwa mafagio. Alimkuta Fanueli amekaa mbele ya nyumba ndogo ya udongo, viatu vyake viko pembeni, anapaka mafuta nyayo zilizopasuka. Alikuwa amekonda. Aliinua macho, akaliona sanduku.

"Mtaalamu," alisema. "Umekuja kununua dagaa?"

"Habari za hapa, Bwana Fanueli."

"Za hapa ni kutembea. Atusaye! Njoo umwone mgeni. Yule mwaminifu."

Atusaye alichungulia mlangoni, akamtambua, akarudi ndani bila kusalimia. Wilibrodi alikaa chini mchangani, bila kukaribishwa, akaliweka sanduku kati yao. Alimweleza yote: shikamoo ya Adolfu, herufi za jina, kwamba alikuwa amelikalia sanduku hili hili. Alimweleza juu ya Flavian na kidole chake. Fanueli alisikiliza huku akisugua kisigino.

"Dagaa nilibeba," alisema mwishowe. "Safari tatu. Hilo hukunisingizia."

"Ndiyo."

"Ungeniambia. Ungesema, Fanueli, toa bamba lako, tubaki na sita. Sita yangetosha kabisa."

"Najua."

"Basi kwa nini, fundi? Nilikukosea nini?"

 Mwanamke mmoja alipita kati ya vichanja, ufagio begani. "Uliandika fundi mmoja," alisema Wilibrodi.

Fanueli alinyanyua kichwa. Alifikiri, akitafuta, na Wilibrodi aliona kwamba kweli hakumbuki. Kwamba maneno yale yaliyomla zaidi ya mwaka yaliandikwa na mtu aliyekuwa akiharakisha kumaliza ukurasa.

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Mungu wangu," alisema Fanueli, akaanza kucheka, kisha akaacha. "Nilidhani hupendi kutajwa. Unajua ninyi watu wa uwanda wa juu mlivyo, hamsemi. Nikasema nisimletee balaa na wakubwa wake."

Wilibrodi alitoa karatasi mfukoni. Alikuwa amejaribu mwenyewe, kwa penseli, siku mbili. Ilikuwa na mistari mitatu: kwa Mhariri, mimi Wilibrodi Leonsi, shingo ni mbovu. Hapo alikwama.

"Niandikie," alisema. "Waandikie Gurudumu. Lakini iwe mimi ninayesema."

"Unajua watakufanya nini? Kampuni itasema fundi ni mwongo mara mbili. Polikarp atakufukuza."

"Andika."

Fanueli alitazama mistari ile mitatu. Akamwita Atusaye alete kalamu na daftari la ripoti, akapindua ubao wa kuanikia akaufanya meza. Akatoa mabamba moja moja, akasoma namba na vijiji. La saba, lenye namba yake, aliligeuza mkononi, kisha akaliweka kando, mbali na mengine. Halafu akainama, akaandika bila kusimama, mdomo ukitembea kidogo, kama aimbavyo mtu wa sauti ya tatu.

Barua ile ilikuja kuchapwa, ingawa siku ile hawakujua. Kampuni haikuijibu kamwe. Lakini Dravik za mwaka uliofuata zilikuja na bamba nene mara mbili, na tangazo likasema ni matunda ya utafiti wa wahandisi wao. Wilibrodi hakuwapo karakanani kuziona. Alikuwa Milanzi, anafua majembe.

Fanueli alimaliza, akaisoma kwa sauti.

"Mimi ni fundi, mtoto wa mhunzi. Niliulizwa juu ya shingo saba nikajibu juu ya moja, kwa kuwa ile moja ilikuwa ya mtu niliyemwonea wivu. Nyingine sita nilikuwa nimezikalia. Leo nimesimama, na hizi hapa."

Iliendelea hivyo ukurasa mzima, kijiji kwa kijiji, namba kwa namba, mpaka kwa Flavian na sanduku lake la chanjo. Atusaye alikuwa ametoka nje, amesimama mlangoni anasikiliza, kanga ameishika mdomoni.

Wilibrodi alitazama mchanga. Yalikuwa maisha yake mwenyewe, aibu yake mwenyewe, aliyoibeba akaishusha mlima wote ule. Na hata hiyo, Fanueli alikuwa ameijua vizuri kuliko yeye. Wivu ule wa zamani ulikuwa mzima kabisa, haujafa.

"Iko sawa?" Fanueli aliuliza. "Kama kuna neno unataka tubadilishe, sema. Ni barua yako."

Wilibrodi aliichukua. Aliisoma toka juu hadi chini, akitafuta mahali pamoja tu ambapo angeweza kusema, hapana, hapa mimi ningesema hivi. Jua lilikuwa limefika juu ya mapaa na dagaa walimeremeta kila upande. Akarudia mara ya pili, kidole kikifuata mstari, na Fanueli akamngoja bila kumharakisha.

"Niazime kalamu," alisema, akaandika jina lake chini, kwa herufi kubwa zilizopinda.